Mkonga, Subaru na Mchomoko: Ubishi wa Magari Usioisha Mara

Jumapili ya tarehe 27 Juni 2021, Thierry Neuville aliamka Naivasha akiwa anaongoza Safari Rally kwa karibu dakika nzima. Mashindano hayo yalikuwa yamerudi kwenye ubingwa wa dunia kwa mara ya kwanza tangu 2002, na kilichobaki kilikuwa siku moja tu ya vipande vifupi kuzunguka ziwa. Kipande cha kwanza cha asubuhi hiyo, shokapu ya nyuma ya Hyundai yake ikafa. Sébastien Ogier akapita na Toyota Yaris, akachukua kombe, na kuanzia hapo hadi 2025 kombe hilo halikutoka mikononi mwa Toyota.

Naivasha si mbali na Sirari, kwenye mpaka wa Tanzania na Kenya. Ukipanda basi Isebania, ng'ambo ya mpaka, asubuhi, ukapita Migori, Kisii na Narok, jioni uko huko. Mabishano nayo hayahitaji pasipoti. Kwenye gereji za Tarime mjini, fundi akiwa amelala chini ya gari na wenye magari mengine wamekalia matairi wakisubiri zamu, habari ya aina hii hugawa watu kambi mbili. Wa kwanza watakwambia jamaa alikosa bahati, mura, gari lake ndilo lililokuwa na mbio kuliko yote. Wa pili watakwambia shokapu haifi kwa mkosi, inakufa kwa kazi iliyopewa, na gari lisilofika halina mbio.

Mimi ni wa kambi ya pili, ila nina nyongeza isiyozipendeza kambi zote mbili. Tunabishania uimara wa gari kana kwamba umefungwa ndani ya boneti. Sehemu kubwa ya uimara huo iko duka la spea, iko mikononi mwa fundi, na iko kwenye barabara ambayo mwenye gari anaipita kila siku.

Wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, zinafaa kwa ubishi huu kuliko sehemu nyingi za nchi. Upande wa Tarime kuna lami kuu inayotoka Mwanza, inapita Bunda, inavuka Mto Mara kwenye daraja la Kirumi na kupanda hadi mpakani Sirari. Kuna vilima, kuna ubaridi unaoisaidia rejeta, kuna mgodi wa North Mara pale Nyamongo wenye malori ambayo tairi lake moja linampita mtu mzima kimo. Upande wa Serengeti kuna Mugumu, makao makuu ya wilaya, na kutoka hapo si mbali kufika lango la Ikoma, unapoingia hifadhini. Kati ya Tarime na Mugumu lami inakwenda kwa vipande. Pasipo na lami kuna changarawe na vumbi, na masika yakikolea kuna udongo mweusi unaonata kwenye tairi mpaka kashata zote zinapotea.

Pale Sirari, kwenye kituo cha pamoja cha mpakani, unaziona sheria mbili zikipishana kwa magurudumu. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Tanzania inaruhusu, ila inatoza ushuru wa ziada wa uchakavu, na ushuru huo unapanda kadiri gari linavyozidi kuzeeka. Kwa hiyo ng'ambo magari ni mapya kidogo, na huku kwetu gari la mwaka 2003 bado linaweza kushuka bandarini na kusajiliwa leo. Mtanzania hulisoma gari kwa herufi ya namba: namba C, namba D, namba E. Herufi inaeleza limesajiliwa lini hapa, haielezi lilitoka kiwandani lini. Mtu anatamba na namba E, kumbe injini ni mtu mzima aliyeshapita miaka 20. Halafu tunalinganisha magari mawili ya jina moja, moja limetumika Japani miaka 6 na jingine miaka 17, na tunatoa hukumu kwamba aina nzima ni mbovu.

Hukumu hiyo huiangukia sana Subaru, basi nianze nayo. Mapenzi ya Subaru kwa upande huu yanatoka Kenya, na Kenya iliyapata kwenye rally. Colin McRae alishinda Safari na Impreza mwaka 1997, Richard Burns akarudia mwaka 2000. Vijana wengi wanaoipenda leo hawakuyaona hayo, ila wameurithi mlio. Ni injini ya bokseri: silinda zimelala pande mbili badala ya kusimama, na ule mngurumo wenye kigugumizi unatokana na mabomba ya ekzosi yasiyolingana urefu. Uzito wa injini uko chini, magurudumu yote manne yanavuta, na kwenye kona ya changarawe hakuna Toyota Crown itakayoifuata. Hapo watu wa mbio wana haki yao.

Shida inaanza boneti ikifunguliwa. Kwa kuwa injini imelala, plagi ziko ubavuni, zimebanwa na kuta za bodi, na kazi ambayo kwenye Toyota IST ni ya dakika chache inageuka kuwa ya kuchubua vidole. Oili ikipungua bila mwenyewe kujua, injini yenye tabo haimpi nafasi ya kujitetea, inanoki. Lakini isikilize hoja ya watu wa mpakani, ambayo mtu wa Dodoma haielewi kirahisi. Kutoka Isebania hadi Kirinyaga Road, Nairobi, ambako spea za magari zimejaa mtaa mzima, ni kama kilomita 400. Kutoka Tarime hadi Kariakoo au Gerezani, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 1,300. Subaru inayoonekana mzigo katikati ya Tanzania inaweza kuwa gari la busara kabisa kwa mtu wa Sirari. Gari ni lile lile, ramani ndiyo imebadilika.

Crown na Mark X ni hadithi nyingine. Ile V6 ya lita 2.5, 4GR, hutoka kiwandani na nguvu za farasi 215, na kwenye lami ya kutoka Bunda ni raha tupu. Ila ni D4, na D4 nchini mwetu ina jina baya. Injini ya D4 hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda badala ya kuipuliza kwenye njia ya hewa. Inahitaji pampu yenye shinikizo kubwa, na ndani ya pampu hiyo kinacholainisha vyuma ni petroli yenyewe. Injini za kwanza za aina hiyo, zile za nusu ya pili ya miaka ya 1990, zilitufikia wakati petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa ilikuwa jambo la kawaida. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili kuukamata uchakachuaji mwaka 2010. Mafuta ya taa na pampu ya namna hiyo haviivi chungu kimoja. Magari yakawa yanatetemeka kwenye foleni, mafundi wakakata tamaa, jina likachafuka.

Kuna kosa jingine ambalo ni la injini yenyewe na si la kituo cha mafuta: kwa kuwa petroli haipiti tena kwenye vali za kuingizia hewa, hakuna kinachoziosha, na masizi yanajazana humo. Hilo ni kweli hata kwa mafuta safi. Lakini anayekwambia leo kwamba D4 ni ugonjwa wa kurithi, muulize kwanza miaka ile alikuwa anajaza wapi.

Tuingie hifadhini, maana huko ndiko kwenye ubishi mkubwa. Kwa miaka mingi pori la Afrika Mashariki lilikuwa la Land Rover. Ilizaliwa 1948, na maaskari, mabwana shamba, wamishenari na wahifadhi wote waliipanda. Leo, kwenye malango ya Serengeti, Land Rover utaitafuta. Ni mkonga baada ya mkonga: Land Cruiser za mfululizo wa 70, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1984, zenye lile bomba la kuvutia hewa lililopanda ubavuni hadi usawa wa paa. Nyingi zimekatwa chasi Arusha, zikarefushwa, zikaongezwa viti na paa la kuinuka ili mgeni asimame atazame simba.

Chini ya boneti nyingi za namna hiyo kuna 1HZ: dizeli ya silinda 6, lita 4.2, haina tabo, farasi kama 130. Yaris aliyoshinda nayo Ogier 2021 ilikuwa na injini ya lita 1.6 yenye zaidi ya farasi 380. Ziweke namba hizo pamoja, kisha fikiria ipi kati ya hizo mbili ungeikabidhi familia yako ivuke nayo korongo saa kumi na mbili jioni.

Mtazame dereva wa watalii akilikagua gari lake jioni. Anafungua klipu za kasha la hewa, anatoa chujio, analigonga taratibu kwenye tairi, na vumbi jepesi la siku nzima linamwagika miguuni. Akipata kompresa, analipuliza kutoka ndani kwenda nje. Hawezi kupuliza kinyume, kwa sababu vumbi litazama kwenye karatasi na kesho injini itakosa pumzi kwenye mwinuko. Anahamia chujio la dizeli. Hewa ikiwa imeingia, juu ya chujio kuna pampu ndogo ya mkono. Anaibonyeza kwa kiganja mpaka inakuwa ngumu, anapiga stata, gari linawaka. Hakuna kompyuta ya kuombwa ruhusa. Ndiyo maana mkonga unaaminika: mtu mmoja mwenye spana chache na akili timamu anaweza kuurudisha kambini.

Wapenzi wake, hata hivyo, hawapendi kukumbushwa kwamba injini hiyo isiyokufa inategemea mkanda wa raba wa taimingi, na kwamba Toyota waliweka taa kwenye dashibodi ya kuonya zamu ya kuubadilisha ikifika. Taa inaweza kuzimwa bila mkanda kubadilishwa. Anayenunua mkonga mkuukuu kwa mtu aliyefanya hivyo ataijua 1HZ kwa upande wake wa pili.

Na Land Rover? Ile yenye injini ya 300Tdi ilikuwa rahisi vile vile kutibu. Mambo yalibadilika 1998 ilipokuja Td5 yenye kompyuta. Oili ilikuwa inapenya kwenye nyaya za nozeli ndani ya injini, inatambaa taratibu ndani ya nyaya hizo, inafika hadi kwenye plagi ya kompyuta. Gari linaanza kukohoa. Fundi anabadili chujio, anabadili nozeli, ugonjwa uko pale pale. Dawa ilikuwa seti mpya ya nyaya na kuisafisha ile plagi, kazi ya saa chache, kwa fundi anayejua. Asiyejua alimaliza pesa za mwenye gari.

Nitawatetea kidogo watu wa Land Rover, maana wanachekwa kupita kiasi. Springi zake za koili mbele na nyuma zinaifuata ardhi, na abiria anashuka mgongo mzima. Mkonga una majani ya springi nyuma na unakupiga makofi njia nzima. Defender ya mwisho ya zamani ilipotoka kiwandani Solihull tarehe 29 Januari 2016, walioomboleza walikuwa na sababu. Ila wenye kampuni za utalii walikuwa wameshahama. Gari likilala porini siku moja, mwenye kampuni anatafutia wageni wenye hasira gari jingine la kukodi, na starehe ya springi haimlipi.

Hapa watu wa mbio huuliza swali zuri: kama uimara ndio kila kitu, kwa nini tuitazame Safari Rally? Jibu ni kwamba mashindano yale tangu mwanzo yalikuwa mtihani wa kufika. Yalianza 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963 walianza zaidi ya 80, wakamaliza 7. Mwaka 1968 tena walianza zaidi ya 80, wakamaliza 7. Mshindi miaka yote miwili alikuwa Nick Nowicki, na gari miaka yote miwili lilikuwa Peugeot 404. Katikati ya hapo, 1966 na 1967, alishinda Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, naye na Peugeot 404. Halikuwa gari la kutisha. Ndilo lililokuwa likibeba abiria Kenya, watu wamejibana, mizigo juu.

Basi Peugeot ilikwenda wapi? Ilishinda Safari tena 1975 na 1978 kwa 504, kwa hiyo barabara haikuishinda. Kwa maoni yangu ilishindwa dukani. Magari yaliyotumika kutoka Japani yalipoanza kumiminika, kila Corolla iliyochoka ilikuja kuwa ghala la spea kwa Corolla nyingine, na fundi aliyejifunza moja alikuwa amezijua kumi. Peugeot iliyobaki peke yake mtaani haikuwa na wa kuiazima bushi.

Mjukuu wa 404 ile leo ni mchomoko. Ukitaka kutoka mjini Tarime kwenda vijijini, au kuiwahi Sirari kabla jua halijapanda, gari linalojaa haraka ni Probox au IST. Watu wa Subaru wanaicheka, wanaiita gari la kubebea nyanya. Wangefungua boneti wangepunguza kicheko. Injini ya 1NZ ya lita 1.5 iliyomo kwenye Probox ni ndugu wa damu wa iliyomo kwenye IST, Raum, Porte, Sienta, Ractis, Spacio na Allion ya lita 1.5. Taimingi yake ni ya cheni, haina mkanda wa kukatika. Koili ikifa mnadani, kuna gari jingine hapo hapo lenye koili ile ile. Probox haina uchawi wowote wa chuma. Ina ukoo mkubwa, na ukoo huo umejaa kila kijiji.

Nisiisifu hadi nikasahau. Gari lililotengenezwa kwa watu watano linabebeshwa wanane na gunia, nyuma limenyanyuliwa kwa spesa za springi, breki zimebaki zile zile za kiwandani, na dereva anakimbizana na mwenzake kuwahi abiria wa kituo kinachofuata. Hayo mashindano hayana kofia ngumu wala helikopta ya uokoaji. Kwenye makazi sheria ni kilomita 50 kwa saa, na kila mtu aliyekaa kiti cha nyuma cha mchomoko anajua sheria hiyo inavyoheshimiwa.

Kuna gari dogo zaidi ya Probox linalostahili kutajwa kwenye benchi la gereji. Mwaka 1993 Subaru walipeleka Safari Rally gari liitwalo Vivio, injini ya sentimita za ujazo 660 tu. Colin McRae alipewa moja, akaenda nalo kama alivyozoea kwenda, na hakufika mwisho. Patrick Njiru wa Kenya alipewa jingine la aina ile ile, akamaliza wa 12. Njiru alizijua barabara za kwao, alijua pa kukanyaga na pa kuachia. Nikisikia kijana anasema gari lake halifiki kwa sababu ni dogo, namtajia Vivio na kunywa chai yangu.

Kuachia kwenyewe ni elimu. Barabara za hifadhini zina mawimbi madogo madogo yaliyokata njia kutoka ukingo hadi ukingo, yaliyochongwa na magurudumu yenyewe. Ukienda polepole, gari linagonga kila wimbi na meno yanagongana. Ukiongeza mwendo hadi karibu 80, magurudumu yanaanza kuruka kutoka kilele hadi kilele na ghafla kunakuwa laini. Madereva wengi wanaijua siri hiyo na wengi wanaipenda. Ila kwa mwendo huo tairi linagusa ardhi kwa kuibia. Usukani na breki vinabaki kama mapambo, na pundamilia akikatiza hakuna cha kufanya. Mwendo wa mwisho ndani ya Serengeti ni kilomita 50 kwa saa, yaani pale pale ambapo gari linateseka zaidi. Shokapu inapanda na kushuka bila kupumzika, oili yake inachemka, inakuwa nyepesi, sili zinaachia. Hivyo ndivyo kazi inavyoua shokapu, na dereva wa Mugumu anazinunua mara kwa mara na mwajiri wake analalamika. Hyundai ya Neuville ilikuwa na shokapu za bei ya nyumba. Nazo zilichoka.

Sasa ubishi umepata mgeni. Mwaka 2023 Toyota walitangaza mkonga wenye injini mpya ya lita 2.8, silinda 4, tabo, farasi 204. Wazee wa 1HZ wanasema silinda 4 haziwezi kufanya kazi ya silinda 6, ingawa karatasi inasema zinavuta zaidi na zinakula kidogo. Hapo naona wanabisha kwa mazoea. Wanapogusa pa kweli ni kwenye sensa. Ile pampu ya kiganja na spana tatu havitoshi tena kulirudisha gari kambini.

Vijana wa gereji wamejibu kwa namna yao. Wameagiza vifaa vidogo vinavyochomekwa chini ya usukani na kuunganishwa na simu, na namba ya kosa inatokea kwenye kioo kabla dereva hajamaliza kueleza gari lilivyokuwa likifanya. Namba inataja sensa. Sensa yenyewe iko Arusha, ng'ambo ya hifadhi nzima, au iko Dar es Salaam, na wageni wameshapanda garini na kofia zao. Hapo wote waliokalia matairi wanainuka kubishana kama waya ule unaweza kurukwa, walau mpaka Seronera, katikati ya hifadhi.